George Norris na Bunge la Baraza Moja

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina Bunge lake. Katika majimbo 49 Bunge hilo lina mabaraza mawili, hata muswada uliokwisha pita katika baraza la kwanza hauna budi kupita tena katika la pili kabla haujafika mezani kwa Gavana. Jimbo moja tu, nalo ni Nebraska, lina Bunge la baraza moja, na karatasi ya kura ya wajumbe wake haionyeshi chama cha mtu. Mageuzi hayo hayakuletwa na wabunge, kwani ni wangapi watakaokubali kukifuta kiti wanachokikalia? Yaliletwa na raia wenyewe kwa kura ya maoni ya tarehe 6 Novemba 1934, nao raia waliongozwa na mzee wa miaka 73.

Mzee huyo aliitwa George William Norris. Hakuwa Mkatoliki, wala hatumwandiki hapa ili tumfanye mtakatifu. Twawaletea habari za maisha yake, wasomaji wapenzi, kwa ajili ya swali moja alilolichukua moyoni tangu ujana hata uzee, nalo latuhusu sote tupigao kura: raia atamhukumuje mjumbe wake, ikiwa hawezi kujua mjumbe huyo alitenda nini?

Norris alizaliwa tarehe 11 Julai 1861 katika shamba la wilaya ya Sandusky, jimbo la Ohio, akiwa mtoto wa 11 wa wakulima wasio na mali. Mwaka 1864, kabla hajatimiza miaka 4, msiba uliingia nyumbani mwao mara mbili. Kaka yake mkubwa alikufa kwa jeraha alilolipata katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, na kabla ya mwaka kwisha baba naye akafa. Mama yake, Mary Magdalene, akabaki mjane mwenye shamba la kulima na watoto wa kulea.

Kuna habari moja ya mama huyo ambayo Norris aliisimulia hata uzeeni. Siku moja mama alimwita amshikie mche wa mti wa matunda usimame wima, huku yeye akiufukia udongo. Kijana akamwuliza kwa nini ajichoshe hivyo, maana mti ule utakapozaa huenda yeye atakuwa amekwisha kufa. Mama akamjibu kwamba huenda kweli asiyaone matunda yake, lakini yupo mtu atakayeyaona. Jibu hilo lilimkaa rohoni mtoto wake.

Kijana Norris alisoma kwa taabu. Alifundisha shule ili apate fedha za masomo yake, na mwaka 1883 akahitimu elimu ya sheria huko Valparaiso, jimbo la Indiana. Mwaka 1885 alihamia Nebraska, nchi ya nyanda pana katikati ya Marekani, yenye mahindi, ng'ombe, upepo na ukame. Huko akawa mwanasheria, kisha mwendesha mashtaka wa wilaya, na tangu mwaka 1896 jaji. Miaka ile mvua ilikuwa imewanyima wakulima mavuno, nao wadai walikuja mahakamani ili mashamba yauzwe kulipa deni. Jaji Norris hakuivunja sheria, lakini alipomwona mkulima mwaminifu aliyeshindwa kwa sababu ya ukame tu, hakuwa na haraka ya kumtoa shambani mwake. Alimpa muda wa kungoja mavuno mengine.

Nyumbani kwake pia kulikuwa na machozi. Mwaka 1901 mkewe Pluma alikufa, akamwachia mabinti 3. Mwaka 1903 alimwoa Ellie Leonard, aliyekuwa mwalimu, naye akawalea wasichana wale na kukaa na mumewe hata mwisho. Mwaka huohuo wa 1903 Norris aliingia katika Baraza la Wawakilishi huko Washington, akiwa mtu wa chama cha Republican.

Alipofika huko alidhani kwamba kila mjumbe ana sauti sawa na mwenzake. Haukupita muda akaona sivyo. Spika wa Baraza, Joseph Cannon wa Illinois, ndiye aliyewateua wajumbe wa kamati zote. Ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kanuni, ambayo iliamua muswada upi usomwe na upi usisomwe. Mjumbe aliyemuudhi Spika alinyimwa kamati nzuri, na miswada yake ilifia mezani. Mamilioni ya watu walikuwa wamewachagua wajumbe wao, lakini mtu mmoja ndiye aliyekuwa ameushika ufunguo wa mlango. Na Cannon alikuwa wa chama kimoja na Norris.

Norris aliandika hoja ya kubadili kanuni, akaikunja karatasi yake, akaiweka mfukoni, na kungoja. Alingoja muda mrefu. Tarehe 17 Machi 1910, sikukuu ya Mtakatifu Patrisi, wafuasi wengi wa Spika hawakuwamo Barazani, kwa kuwa walikuwa wamekwenda kwenye sherehe. Spika mwenyewe alikuwa ameamua punde kwamba hoja ya kuhesabu watu itangulie mambo mengine, kwa sababu hesabu hiyo imeagizwa na Katiba. Ndipo Norris aliposimama na kuitoa karatasi yake. Akadai kwamba hoja yake nayo yastahili kutangulia, kwani Katiba hiyohiyo imelipa Baraza haki ya kujitungia kanuni. Spika alinaswa kwa neno lake mwenyewe. Walibishana mchana na usiku kucha, huku watu wa Spika wakitafutwa mjini warudi upesi. Tarehe 19 Machi Spika akaikataa hoja. Baraza likaitangua hukumu yake, kisha likaipitisha hoja kwa kura 191 dhidi ya 156. Tangu siku ile Kamati ya Kanuni ikawa ya wajumbe 10 waliochaguliwa na Baraza lenyewe, na Spika hakuwamo tena ndani yake.

Cannon aliendelea kukaa katika kiti chake cha Uspika, kwa maana Baraza lilikataa kumwondoa. Hapo pana fundisho kwa kila mwenye kupigania haki. Norris hakuwa na shabaha ya kumdhalilisha mtu mzee. Alijua kwamba ukimwondoa mtu na kuiacha kanuni, kesho atakuja mwingine kukalia uwezo uleule.

Mwaka 1913 Norris aliingia katika Seneti, akakaa humo miaka 30. Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka 1917. Rais Wilson aliomba ruhusa ya kuziwekea silaha meli za biashara, na Norris, aliyeamini kwamba jambo hilo litaitumbukiza nchi vitani, alijiunga na maseneta wachache waliozungumza mfululizo mpaka muda wa kikao ukaisha tarehe 4 Machi bila kura kupigwa. Nchi nzima iliwaka hasira. Magazeti yaliwaita wasaliti, na siku chache baadaye Seneti ikabadili kanuni zake ili mazungumzo ya namna hiyo yaweze kukomeshwa kwa kura ya theluthi mbili.

Norris alifanya nini? Alimwandikia Gavana wa Nebraska, akipendekeza uchaguzi wa pekee ili raia waseme kama wamtaka au hawamtaki tena, wakimkataa, ataondoka. Gavana hakukubali. Basi Norris akasafiri mwenyewe mpaka Lincoln, mji mkuu wa jimbo, akakodi ukumbi, na kutangaza kwamba atajieleza mbele ya yeyote atakayekuja. Rafiki zake walimsihi asiende. Watu walijaa ukumbini, wakamsikiliza kwa ukimya mzito, na alipomaliza walimshangilia. Mwezi uliofuata alikuwa mmoja wa maseneta 6 tu waliopiga kura kuikataa vita. Wako wanaosema alikosea, wako wanaosema alipata. Hilo twawaachia wanahistoria. Lililo wazi ni kwamba hakujificha. Alitenda hadharani, akaenda hadharani kuhukumiwa.

Mwaka 1928 alipatwa na jaribu jingine, ambalo linatugusa sisi Wakatoliki. Chama cha Democrat kilimsimamisha Alfred Smith, Gavana wa New York, kugombea Urais. Alikuwa Mkatoliki wa kwanza kusimamishwa na chama kikubwa cha nchi ile. Uvumi wa ajabu ulienea, kwamba Smith akishinda Marekani itatawaliwa na Baba Mtakatifu kutoka Roma. Norris alikuwa wa chama cha upinzani, tena alikuwa mtetezi wa sheria ya kukataza pombe, ambayo Smith aliipinga. Hata hivyo alimuunga mkono Smith, hasa kwa sababu ya msimamo wake kwamba nguvu za maji ya mito ni mali ya watu wote. Katika hotuba yake mjini Omaha, iliyotangazwa kwa redio, aliikemea chuki ya dini waziwazi. Smith alishindwa, hata katika Nebraska yenyewe, naye Norris alitukanwa na watu wa chama chake. Baada ya miaka 32 Mkatoliki mwingine, John Kennedy, alichaguliwa kuwa Rais. Na Kennedy huyo, katika kitabu alichokitoa mwaka 1956 juu ya maseneta 8 mashujaa, alikuwa amempa Norris sura nzima.

Sasa tufike kwenye kura ya Nebraska. Miaka mingi ya Washington ilikuwa imemfundisha Norris jinsi mabaraza mawili yanavyoweza kuwa maficho. Yeye mwenyewe alipigania badiliko la Katiba ili wabunge walioshindwa katika uchaguzi wasiendelee kutunga sheria kwa miezi mingi baada ya kukataliwa. Seneti ililipitisha mara kadhaa, na kila mara likazuiwa katika baraza la pili, mpaka likakubaliwa na kuwa sehemu ya Katiba mwaka 1933.

Aliwaeleza raia ubaya huo kwa lugha nyepesi. Mjumbe, alisema, aweza kuupigia kura muswada mzuri mbele ya wapiga kura wake, huku akijua kwamba rafiki zake wa baraza la pili watauua. Akirudi nyumbani, husema kwamba yeye alitaka, ila wale wengine ndio waliokataa. Tena kuna kamati ya upatanishi. Mabaraza mawili yakipitisha muswada kwa maneno tofauti, wajumbe wachache wa kila upande hukaa faraghani, milango ikiwa imefungwa, wakatoka na maneno mapya. Na wenzao hawana ruhusa ya kuyasahihisha, ila kuyakubali yote au kuyakataa yote. Kwa njia hiyo watu wachache, ambao hakuna ajuaye walivyopiga kura, huwa baraza la tatu lililo juu ya yote mawili.

Wazo la baraza moja halikuwa geni Nebraska. Katika mkutano wa Katiba wa mwaka 1919 na 1920 kura juu ya wazo hilo zilikuwa 43 kwa 43, hivyo likaanguka. Mwaka 1923 Norris alilieleza katika gazeti la New York Times. Mwishowe, tarehe 22 Februari 1934, alilizindua rasmi mbele ya mkutano mjini Lincoln, akiwa na maandishi yaliyoandaliwa pamoja na wataalamu kama John Senning, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nebraska.

Hakuwaendea wabunge. Tangu mwaka 1912 Katiba ya Nebraska ilikuwa imewapa raia haki ya kuleta mabadiliko wao wenyewe, mradi wapate sahihi za kutosha za wapiga kura. Kisha jambo hilo huamuliwa kwa kura ya watu wote. Sahihi zipatazo 95,000 zilikusanywa. Pendekezo lilisema hivi: Bunge liwe la baraza moja, lenye wajumbe wasiopungua 30 wala kuzidi 50; wachaguliwe bila kutajwa chama; na mishahara yao yote kwa pamoja iwe dola 37,500 kwa mwaka, wagawane sawasawa.

Wengi walipinga. Viongozi wa vyama vyote viwili walipinga, kwa kuwa waliona nguvu zao zinawatoka. Magazeti mengi nayo yalipinga. Walisema, na si bila sababu, kwamba baraza la pili huzuia haraka na hasira za siku moja. Norris aliwajibu kwamba kizuizi kipo tayari: Gavana aweza kuikataa sheria, mahakama yaweza kuitangua, na raia wenyewe waweza kuipeleka kwenye kura ya maoni. Mzee wa miaka 73 akazunguka jimbo zima kwa motokaa, mji kwa mji, akihutubia majumbani mwa mikutano na viwanjani. Husimuliwa kwamba alimaliza seti mbili za matairi katika safari hizo.

Raia 286,086 walikubali, na 193,152 walikataa. Yaani karibu watu 60 katika kila 100 walisema ndiyo. Ni haki kuongeza kwamba si maneno ya Norris peke yake yaliyoshinda. Ukame na ufukara wa miaka ile viliwafanya watu wapende Bunge la gharama ndogo. Tena siku ileile walikuwa wakipiga kura juu ya pombe na juu ya kamari ya mbio za farasi, mambo yaliyowavuta wengi vituoni.

Bunge la zamani lilikuwa na wajumbe 133, yaani 100 katika baraza moja na 33 katika la pili. Ni Bunge hilohilo, katika kikao chake cha mwisho cha mwaka 1935, lililopewa kazi ya kuyagawa majimbo mapya ya uchaguzi. Likaamua wajumbe wawe 43. Viti 90 vikatoweka. Kikao kile cha mwisho kilichukua siku 110 na kugharimu dola 202,593. Kikao cha kwanza cha baraza moja, mwaka 1937, kilichukua siku 98 na kugharimu dola 103,445, nacho kilipitisha sheria nyingi kuliko kilichotangulia. Kamati zilipunguzwa kutoka 61 hadi 18. Norris alikuwapo siku ya ufunguzi, akawahutubia wajumbe wale wapya.

Hatusemi kwamba baraza moja lilileta peponi duniani. Leo Bunge hilo lina wajumbe 49, na ijapokuwa karatasi ya kura haitaji chama, watu wajua kila mjumbe ni wa upande gani, na ugomvi wa vyama haukukosa njia ya kuingia. Hakuna jimbo jingine lililoufuata mfano ule hata sasa. Lakini jambo moja limebaki: muswada ukifa Nebraska, raia wajua umefia wapi. Hakuna wa kusingiziwa ng'ambo ya ukuta.

Mambo mengine ya Norris twayataja kwa kifupi. Mwaka 1932 sheria iliyobeba jina lake na la mwenzake La Guardia iliwalinda wafanyakazi wanaojiunga katika vyama vyao. Mwaka 1933 lilianzishwa shirika la serikali la kutumia maji ya bonde la mto Tennessee, kazi aliyoipigania miaka mingi, na bwawa moja kubwa la huko linaitwa kwa jina lake. Mwaka 1936 alishiriki kuleta sheria ya kufikisha umeme mashambani, wakati ambapo karibu mashamba 9 katika kila 10 ya Marekani yalikuwa bado gizani, akina mama wakichota maji kwa mikono na watoto wakisoma kwa taa za mafuta.

Mwaka 1936 alichaguliwa tena, safari hii bila chama chochote. Mwaka 1942, akiwa na miaka 81, alisimama mara ya mwisho, na watu wa Nebraska wakamkataa, wakamchagua Kenneth Wherry wa chama cha Republican. Yeye aliyewapa raia uwezo mkubwa zaidi aliangushwa na raia haohao. Kulimwuma sana, wala hakuficha uchungu wake. Lakini alirudi nyumbani kwake McCook, na huko akafa tarehe 2 Septemba 1944.

Ndugu wasomaji, kanuni za Bunge ni jambo kavu. Wengi wetu tukisikia kwamba kanuni zinabadilishwa, hufunua ukurasa mwingine wa gazeti. Norris alikuwa mtoto wa mkulima, na alizisoma kanuni kama mkulima anavyoutazama mfereji: apate kujua maji yanapitia wapi, na nani ameyazuia. Tumwulize basi kila anayetuomba kura, si tu atafanya nini, bali pia kama atapiga kura mahali tunapoweza kumwona. Na tuwafundishe watoto wetu kwamba jambo jema linaweza kutupotezea rafiki, chama, hata kiti, na bado lapaswa kutendwa. Mama wa Ohio aliyeshindilia udongo kwenye shina la mche hakuwa na uhakika wa kula tunda lake. Aliupanda hata hivyo, na mtoto wake alikuwa ameushika usianguke.